Saini Yenye Mkia

Nilipoisikia kwa mara ya kwanza sauti ya mke wa zamani wa mchumba wangu, sikulia wala sikupiga ukunga. Nilivua hedifoni, nikakusanya vikombe vinne vilivyokuwa mezani, nikaenda kuviosha. Vilikuwa visafi. Nikaviosha tena, nikavipanga, nikarudi kukaa. Ilikuwa Jumatano, zimebaki siku tisa nifunge ndoa, na moyoni mwangu palikuwa kimya kama ofisini siku ya sikukuu.

Ngoja nieleze kazi yangu kwanza, usije ukaniona mdukuzi. Kuna ukurasa mtandaoni unaitwa Kibindoni. Wanawake wanajirekodi kwenye simu zao, wanasimulia mambo ya fedha ambayo hawawezi kuyasema sebuleni: aliyefichwa mshahara na mumewe, aliyemficha mumewe kiwanja, aliyekopa kwa sherehe ya siku moja akalipa miaka mitatu, aliyegundua uzeeni kwamba anajua kubana matumizi lakini hajui kutumia. Wanatutumia sauti hizo. Mimi naziosha. Naondoa majina, napandisha au nashusha sauti mpaka hata mama mzazi asimtambue mwanawe, ndipo tunaziweka ukurasani. Wenzangu wananiita Mkasi.

Mwenye ukurasa tunamwita Mwenyekiti, ingawa hana kamati. Alikaa dirisha namba tatu la benki kwa miaka ishirini na miwili, akastaafu na siri za nusu ya mji kifuani. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya shule, kuta zimegongomewa magodoro ili kelele za barabarani zisiingie. Juu ya godoro moja amebandika karatasi: MFICHA UCHI HAZAI. Chini yake amebandika sheria yetu, ambayo kila anayeingia huapishwa: kata jina, kata mtaa, kata kauli. Sauti ya mtu haitoki chumbani humu na mwenyewe.

Kauli ndiyo ngumu. Ni yale maneno ambayo mtu mmoja tu duniani huyasema vile. Ukiyaacha, umemtaja.

"Mimi sina kesi," ndivyo alivyoanza yule mwanamke. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu anayesoma bei dukani. "Nasema mapema, msije mkangoja nifike kwenye kipigo. Hakuna kipigo. Nilikaa miaka kumi na mmoja na mwanamume asiyelewa, asiye na mambo ya nje, asiyepandisha sauti. Hata uzi wa kushonea alininunulia yeye. Nikitaka kwenda benki, anasema, jua kali, niachie mimi, wewe pumua tu. Mkataba wa nyumba, niachie mimi, wewe pumua tu. Mafao yangu ya kazini, niachie mimi. Jumapili alikuwa ananikatia kucha za miguu. Najua mnacheka. Mimi nilikuwa nalengwalengwa na machozi ya raha."

Nilisimamisha sauti. Nikaitazama miguu yangu. Kucha zote kumi zilikuwa zimekatwa Jumapili iliyopita, kibarazani kwetu, mama yangu akishuhudia huku akitabasamu mpaka fizi. Nikabonyeza iendelee.

"Halafu akavunjika mguu, akalazwa. Hospitali wanataka fedha. Nilikuwa na zangu benki, nilizoziweka tangu nikiwa mwalimu wa chekechea. Nikaenda. Dada wa dirishani akanipa karatasi, akasema weka saini. Nikashika kalamu. Jamani, nilikuwa nimeisahau saini yangu. Nakumbuka ina mkia mahali, lakini mkia unaelekea wapi, sijui. Miaka kumi na mmoja sijasaini hata kupokea mzigo. Nikaandika jina langu kwa herufi kubwa kama watoto niliokuwa nawafundisha. Dada akatazama kompyuta yake, akasema, mama, siyo hii. Nikajaribu tena. Siyo. Foleni nyuma inaguna. Nikarudi hospitali na karatasi mkononi. Mume wangu akacheka kwa huruma, akasema lete hapa. Mguu umening'inizwa juu, yeye akachukua kalamu akaiweka saini yangu, na mkia wake, bila hata kufikiri. Kesho yake nikapanga foleni dirisha jingine, nikapewa fedha.

"Nilimlipia, nikamuuguza. Siku alipotupa magongo akatembea mwenyewe mpaka getini, nilifunga sanduku. Ndugu zangu wakaniuliza, kosa lake nini? Nikakosa la kusema. Ndiyo maana nimekuja kwenu."

Mchumba wangu ni fundi miwani. Anachechemea kidogo mguu wa kushoto, na mimi nilikuwa naupenda mchechemeo huo kuliko mwendo wa wanaume wote wazima. Alishanisimulia: mke wake alikuwa mwalimu wa chekechea, akamwacha mara tu alipopona mguu. Mwanamke yule nilishamtukana kimoyomoyo mara nyingi. Roho gani hiyo, nilikuwa nasema, ya kumwacha mtu aliyetoka tu kuweka chini magongo?

"Mkasi," Mwenyekiti aliita kutoka meza yake. "Vikombe vimekukosea nini leo?"

"Vilikuwa na vumbi."

"Sauti ya leo iko tayari?"

"Bado kauli moja. Ya mume."

"Si uikate?"

"Hata kama," nikaanza, nikasita. "Hata kama kuna mwanamke mwingine ambaye angepaswa kuisikia?"

Mwenyekiti alishusha miwani yake puani. Miwani hiyo aliitengeneza mchumba wangu, kwa bei ya shemeji.

"Huyu aliyetuma ametuamini," alisema. "Huyo mwingine hatumjui. Ikate, mwanangu."

Nikaikata. Ilitokea mara mbili, kila mara sekunde tatu. Niliiondoa kwa uangalifu ule ule ninaowafanyia wote, nikaunganisha pumzi ya kabla na pumzi ya baada mpaka pengo lisisikike. Nilingoja nitetemeke. Nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi ya jino: unajua mdomo ni wako, lakini ukiugusa unagusa wa jirani.

*

Kesho yake mchana nilimkuta mama jikoni anachambua mchele, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari. Mama ni msikilizaji mkubwa wa Kibindoni. Anajua nafanya kazi huko, lakini hajawahi kuniuliza sauti ni za akina nani. Anasema hiyo ni amana.

"Umemsikia huyu wa leo?" aliniuliza kabla sijavua viatu. "Huyu aliyesahau saini?"

"Nimemsikia."

"Mjinga wa mwisho! Mwanamume anakukata kucha, we unafunga sanduku? Sasa hivi analala peke yake huko, analipa maji mwenyewe, umeme mwenyewe. Angalia walivyomjibu hapa chini." Akavaa miwani yake, nayo ya fundi wetu. "Mmoja anasema, dada, naomba namba ya huyo mume. Mwingine anasema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kuna huyu anasema hata yeye amejaribu kusaini sasa hivi, mkono umegoma. Wazushi tu."

"Labda si mzushi."

"Alikosa adabu ya kushukuru, basi." Akapuliza makapi. "Baba yako, Mungu amrehemu, katika maisha yake yote alinikata nywele mara moja, tena kwa bahati mbaya, alikuwa anakata kamba. Wewe umeokota embe chini ya mbuyu, mwanangu. Tulia."

Nilitaka kucheka. Mama akitoa misemo yake huwa nacheka mpaka nakaa chini. Siku hiyo nilinyoosha mdomo tu, nikachukua upande wa pili wa ungo, tukachambua.

"Ukumbi umeshalipwa wote?" nikamwuliza baadaye.

"Mkwe amemaliza. Nilitaka kuchangia, akaniambia, mama, niachie mimi." Alitikisa kichwa kwa furaha. "Wewe pumua tu, akaniambia. Mimi mama mzima! Nikapumua kweli."

Niliendelea kutoa mawe.

*

Jumamosi nikaenda dukani kwake kabla hajafunga. Duka la miwani lina ukimya wake. Kuta nzima ni macho yasiyo na watu, fremu mia mbili zinakutazama ukiingia. Yeye alikuwa amekunja mikono ya shati mara mbili, anafuta kioo kwa kitambaa cha kijani. Aliponiona akaacha. Ana namna ya kumtazama mtu kana kwamba ndiyo kwanza amefunguliwa bandeji ya macho, na dunia yote aliyotaka kuiona imesimama mlangoni.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Kwa jua hili? Si ungenipigia nikufuate?" Akanivutia kiti cha wagonjwa. "Kaa, kaa. Vizuri umekuja. Nataka nikupime upya kabla ya Ijumaa, hiyo miwani uliyovaa inakubana. Fremu nimeshakuchagulia."

"Umechagua?"

"Nyeusi, nyembamba. Ile ya kahawia uliyoishika ingekuzeesha."

Akanivisha ile fremu ya chuma ya kupimia, nzito puani, akatumbukiza kioo kimoja upande wa kulia na kuziba wa kushoto. Uso wake ukawa umbali wa kiganja. Harufu yake ni ile ile, spiriti ya kusafishia vioo na sabuni ya kufulia. Kwa miaka miwili umbali huo ulitosha kunilegeza magoti. Nilingoja yalegee. Nilimtazama kope, nikamtazama lile kovu dogo chini ya nyusi ambalo nililibusu siku aliyonichumbia, nikajisemea, huyu ndiye. Magoti yalikaa kama ya meza.

"Soma mstari wa tano. Ya kwanza," alisema, akageuza kioo, "au ya pili?"

"Zote sawa."

"Haziwezi kuwa sawa, mpenzi. Tazama tena. Ya kwanza... au ya pili?"

"Sawa tu."

Aliacha kugeuza. "Umechoka. Nilisema kazi ile inakuchosha. Kusikiliza shida za watu kutwa nzima."

"Nikuulize kitu?"

"Uliza hata viwili."

"Mkeo aliondoka kwa nini?"

Mkono wake ulibaki hewani na kile kioo kidogo kati ya vidole. "Hilo si tulishaongea?"

"Niambie tena."

Alikaa kwenye stuli yake ya magurudumu, akajisogeza nyuma kidogo. Hakukasirika. Ningeshukuru angekasirika.

"Nilimkuta amefunga sanduku," alisema. "Moja tu, dogo. Nikamwuliza, nimekosa nini? Akaniambia, hujakosa kitu. Nimezunguka na neno hilo miaka minne. Ningekuwa mlevi, ningeacha pombe. Ningekuwa na hawara, ningemwacha. Sasa mtu akikwambia hujakosa kitu, unaacha nini?"

Macho yake yalilowa, akayafuta kwa kile kitambaa cha kijani. Jibu lake nilikuwa nalo. Lilikuwa na dakika sita na sekunde kumi na nne, nililisikiliza mara tisa, na nilikuwa nimeapa. Nilimwonea huruma kwa akili, kama unavyomwonea mtu wa kwenye taarifa ya habari, na nikachukia kwamba huruma yenyewe haikushuka chini ya shingo.

"Unaijua saini yangu?" nikamwuliza.

Hapo uso wake ukachanua. Alidhani namwondoa kwenye huzuni. Alivuta kile kijitabu cha kuandikia vipimo, akachomoa kalamu mfukoni, na kabla sijavuta pumzi ya pili alikuwa ameshaiweka. Jina langu la kwanza limelala, la pili limekatika katikati, na mkia unaorudi nyuma kushika herufi ya mwanzo.

"Mpaka mkia," alisema, akanigeuzia.

"Umejifunza wapi?"

"Kwenye daftari la kuchukulia miwani. Siku ile ya kwanza ulisaini ukaondoka hata kwa heri hukusema, una haraka zako. Nikabaki naitazama mpaka nafunga duka. Kwa wiki nzima nikikosa mteja naiandika, naiandika." Akacheka kwa aibu. "Wenzangu shuleni walikuwa wanachora mioyo ukutani kwa majina ya wasichana. Mimi nimepatwa na hayo nikiwa na miaka arobaini."

Mwaka mmoja nyuma maneno hayo yangenimaliza. Ningeichana karatasi ile nikaitunza ndani ya mto.

"Umeshawahi kuitumia?"

"Hapana." Akafikiri. "Mara moja tu. Mkataba wa nyumba yetu. Mwenye nyumba alitaka saini zetu wote wawili Jumanne, na wewe ulikuwa kazini. Nikaona kwa nini nikusumbue?"

"Nyumba hiyo sijaiona."

"Utaipenda. Ina dirisha kubwa jikoni."

"Nipe kalamu."

Nikaweka saini yangu chini ya ile yake. Nikaivuta pole pole, mkia ukanipotea kidogo, nikaurudisha. Tukazitazama zote mbili. Ya kwake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Ungemwita mpita njia yeyote aingie achague iliyo ya kweli, angechagua ya kwake.

"Sitaolewa," nikasema.

"Unasemaje?"

"Sitaolewa Ijumaa."

"Tusogeze mbele? Hakuna tatizo, nitazungumza na wa ukumbi..."

"Sisogezi mbele. Nimeacha."

Barabarani mtu alipiga honi, akapiga tena. Fundi wangu aliniangalia kupitia kile chuma kilichokuwa bado puani pangu, jicho moja limezibwa, na sidhani kama katika kazi yake amewahi kuachwa na mteja katika hali hiyo.

"Nimekosa nini?" aliniuliza taratibu.

Nililiona lile jibu linakuja mdomoni, jepesi, limeshatumika. Nikalimeza. Nilimpenda mno kumpa neno lile lile mara ya pili.

"Umekosa kuniuliza," nikasema.

"Kukuuliza nini?"

"Chochote. Fremu. Nyumba. Kama nataka kucha zangu zikatwe."

"Si ulikuwa unafurahi?"

"Nilikuwa nafurahi. Ndiyo ubaya wake."

"Basi nitauliza." Alisogeza stuli mbele, magoti yake yakagusa yangu. "Kuanzia leo nitauliza kila kitu. Nitapanga mimi namna, hata kama ni kila asubuhi, tukae, nikusomee mambo ya siku, wewe uwe unajibu tu ndiyo au..." Akaisikia mwenyewe sentensi yake. Akaitazama sakafu kama mtu aliyeangusha kioo na hajui kimeangukia wapi.

"Unanipenda?" akauliza chini chini.

"Sijui. Tangu Jumatano sijui kitu. Nikijifinya hata siumii."

"Jumatano kulikuwa na nini?"

"Siwezi kukwambia."

"Kuna mtu amekwambia maneno?"

"Siwezi kukwambia, na usiniulize tena. Ukinipenda, hilo niachie."

Aliitika kwa kichwa. Halafu alinyoosha mikono, akanivua ile fremu ya chuma pole pole isinikwaruze, akanifuta kwa kidole gumba alama mbili zilizobaki puani. Nilimwacha anifute. Niliona ni haki yake ya mwisho, na pia, kusema kweli, sikuwa na nguvu ya kuinua mkono.

"Nyumbani utawaambiaje?"

"Nitajua huko huko."

"Mama yako ana presha."

"Ni mama yangu."

"Watakusema. Mwanamke akivunja harusi siku sita kabla, watakusema mpaka uzeeke. Watauliza ulikuwa unamtaka nani. Acha nikusaidie hilo tu. La mwisho."

"Hapana."

"Sawa," alisema, akaitika tena kwa kichwa. Nami nikakiamini kichwa hicho.

*

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilizunguka sokoni, nikauliza bei za vitu nisivyovihitaji, nikasimama kwa fundi viatu nikamtazama anashona soli ya kiatu cha mtu mwingine mpaka akaniuliza kama nasubiri kitu. Nilikuwa natafuta sentensi ya kumwambia mama. Kila niliyoipata ilianza vizuri ikaishia na "basi tu." Nilipofika kwetu saa tisa na nusu, mlango ulikuwa wazi.

Mama alinirukia kabla sijavuka kizingiti. Akanikumbatia kwa mikono miwili, akanivuta mpaka kwenye kochi, akanilaza kichwa mapajani kama nina miaka saba.

"Pole mwanangu. Pole, pole, pole. Amepiga simu, mwanalaana yule."

"Amesema nini?"

"Amesema amekuacha. Kwa mdomo wake! Amesema amejiona hafai kuwa mume wa mtu, asilaumiwe mtu mwingine ila yeye, wewe huna kosa hata chembe, na fedha za ukumbi hatatudai." Mama alipenga kamasi. "Siku sita, mwanangu! Siku sita! Na miwani yake nimeivua, tazama, naona ukungu tu, bora ukungu. Shangazi zako wote nimeshawapigia. Yule mkubwa amemlaani mpaka simu ikaisha chaji."

Mkono wake ulikuwa unanipapasa nywele. Mkono mzito, wenye joto, unaonuka kitunguu. Nilifumba macho. Nilielewa kila kitu alichokifanya yule mwanamume, na nilijua alilia alipokuwa anapiga. Alikuwa ameubeba mzigo wote, akaniachia huruma tupu. Kesho wangekuja wanawake wa ukoo wote na vyungu vya chakula. Wangenilisha, wangemtukana, mwaka ungepita, na mimi ningebaki yule binti aliyeachwa na mshenzi. Hakuna ambaye angeniuliza kwa nini. Nilichotakiwa kufanya ni kulala tu pale, na kunyamaza.

Nilinyamaza kidogo. Sitadanganya, kulikuwa na raha pale mapajani.

"Mama," nikasema. "Amekudanganya."

"Najua. Wote ndivyo walivyo, wanakuja na..."

"Siyo hivyo. Mimi ndiye niliyemwacha."

Mkono ukasimama juu ya nywele zangu.

"Unasema?"

Nikainuka nikakaa. "Nilikwenda dukani kwake leo. Nikamwambia sitaolewa. Yeye hakutaka. Amesema vile ili nisipate aibu."

Mama alinitazama kwa yale macho yake yasiyo na miwani, ameyakunja ili anipate vizuri.

"Alikupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke?"

"Hapana."

"Ana ugonjwa? Ana madeni? Sema nijue."

"Hana. Nitakueleza yote niwezayo, mama, lakini ni habari ndefu na haitakutosha."

"Basi kaa kimya!" Aliushika mkono wangu kwa nguvu. "Kaa kimya hivyo hivyo. Shangazi zako wameshajua ni yeye. Mwenyewe amekubali kubeba, sasa wewe unamnyang'anya mzigo wa nini? Unajua watakuitaje?"

"Najua."

"Hujui! Mimi najua. Na mimi watanitazamaje?"

"Ni uongo, mama."

"Ni uongo wa heshima!"

"Ni wake," nikasema. "Siutaki."

Aliniachia mkono. Alisimama, akafunga upya nguo yake kiunoni kwa nguvu, akafunga tena ingawa haikuwa imelegea. Mama yangu ananipenda, na siku hiyo hakunipenda hata kidogo, na alinionyesha waziwazi.

"Vizuri," alisema. "Mimi simpigii mtu simu tena. Kesho asubuhi utaamka, utakwenda kwa shangazi zako mmoja mmoja, na kwa mjomba wako, na kwa yule wa ukumbi, uwaambie kwa mdomo wako mwenyewe. Sitakusindikiza. Sitakusemea hata neno moja. Umesikia?"

"Nimesikia, mama," nikasema, na hapo ndipo machozi yaliponitoka.